Rai Arubaini Ndani ya Kasha

Hapo zamani, masultani walipokuwa bado wanakaa chini kwenye mikeka kama watu wengine, Sultani wa mji wa Mtondoni alichoka miguu yake kufa ganzi, akaamuru achongewe kiti. Basi mafundi wakachonga. Wakachonga mwaka mzima, wakaongeza na wa pili, kwa kuwa kila fundi aliyekuja alitaka kuweka simba wake, na walipomaliza, kiti kile cha mpingo kilikuwa na simba kumi na saba, na uzito ambao wachukuzi sitini walipokiinua kila mmoja alimwita mama yake. Mkuu wa wachukuzi akaenda kwa Sultani, akapiga goti, akasema, "Maulana, sisi kiti hiki tutakitua mara moja tu. Kikishatua hakigeuki tena, labda ugeuzwe mji. Tuambie kielekee wapi."

Sultani hakuwa amewaza jambo hilo. Baraza lake lilikuwa wazi pande mbili, upande mmoja bahari na upande mmoja soko, na tangu babu yake mkeka ulikuwa ukitandikwa kuelekea bahari, kwa sababu ya upepo. Akawaza mpaka adhuhuri, akaona kichwa kinamuuma, akaamuru ipigwe mbiu: "Kila mwenye rai kuhusu kiti na aje nayo barazani Ijumaa ya tatu, baada ya sala. Rai zitahesabiwa, na zilizo nyingi ndizo zitakazofuatwa!"

Lo! Mji ukapasuka kama tikiti. Waliotaka kiti kielekee bahari wakaitwa Watu wa Bahari, waliotaka kielekee soko wakaitwa Watu wa Soko, na watu ambao juzi walikuwa wakikopeshana chumvi, leo wakawa hawaamkiani. Kulikuwa na kinyozi alimnyoa mteja nusu ya kichwa, akamuuliza, "Wewe upande gani?" yule akajibu, "Soko," kinyozi akafunga wembe wake akaenda zake, na mtu wa watu akazunguka siku zote hizo na nywele upande mmoja, ikabidi avae kilemba hata kuogea.

Basi katika mji huo alikuwako tajiri mmoja wa halua, jina lake Bwana Mselemu. Alikuwa na sufuria nane za shaba, kila moja ukiangukia ndani utaitwa marehemu, na watu arubaini wa kuzisonga, wanawake kwa wanaume. Na halua haipikiki bila maji mengi. Palikuwa na kisima sokoni, kilichochimbwa na babu wa babu wa Sultani kiwe cha watu wote, na Bwana Mselemu alikizungushia ua wa makuti, akasema ni wa kukinga vumbi, kisha akaweka mlango, kisha mlangoni akaweka mtu na fimbo. Maji yakawa ya halua kwanza, yakibaki ndiyo ya watu, na hayakuwa yakibaki. Wanawake walipanga mitungi toka alfajiri wakarudi nayo mitupu. Sultani hakuyajua hayo, maana mgongo wake ndio uliokuwa ukitazama soko, na mgongo hauna macho. Kwa hiyo msiniulize Bwana Mselemu alikuwa upande gani. Alikuwa Mtu wa Bahari kuliko samaki.

Mmoja wa wale arubaini alikuwa mwanamke kijana akiitwa Mize, mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni aitwaye Sikudhani, na mume aliyekwenda bara asilete habari. Mize alikuwa akisonga sufuria ya tatu. Alilala na mwanawe katika kichumba cha kuni nyuma ya jiko, na walikula ukoko wa halua uliobaki, yeye akautafuna kwanza halafu akamlisha mtoto kwa kidole. Kazi ikienda, kichumba kimekwenda, na kichumba kikienda, yeye na Sikudhani watalala kwenye vibaraza vya watu, na mvua za masika zilikuwa njiani. Hayo aliyajua kila akifumbua macho, akayajua tena kila akiyafumba, ndiyo maana alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa ukitokea mdomoni, akianza kusema maneno yanamwagika kama kunde gunia likipasuka, huwezi kujua ushike lipi uache lipi.

Wenzake walimwona mjinga kidogo. Ilikuwa hivi: siku moja Bwana Mselemu alimwambia, "Usiondoke penye sufuria hii mpaka nirudi," kisha akasahau, akaenda harusini mji wa pili akakaa siku mbili. Aliporudi akamkuta Mize palepale, macho mekundu, miguu imevimba, majirani wanamlisha uji kwa kata. "Una nini wewe?" akamuuliza. "Uliniambia mpaka urudi, Bwana, nami niliogopa kufukuzwa, nikasema kama nikienda chooni ndipo Bwana atakaporudi, ikawa nimeenda mbio nikarudi mbio, samahani, hiyo mara moja nilivunja amri." Basi jiko zima likacheka wiki nzima.

Ikawa, ilipobaki wiki moja ya kuhesabiwa rai, Bwana Mselemu aliwakusanya watu wake arubaini jikoni, akasimama juu ya gunia la sukari ili aonekane, maana alikuwa mfupi. Pembeni yake paliwekwa kasha la mvule lenye misumari ya shaba, na kikapu cha kungumanga, zile zinazokunwa juu ya halua.

"Enyi mnaokula kwangu," akasema, "mkono unaosonga halua ni wa nani?"

"Wako, Bwana," wakajibu.

"Na tumbo linaloshiba halua?"

Kutoka nyuma Bi Kirembwe, msongaji mzee kuliko wote, akasema, "Likishiba, Bwana, tutakuletea habari."

"Nyamaza, kizee! Mkono ni wangu, tumbo ni langu, sasa rai iwe ya nani? Mimi nilishe, halafu rai mwende nayo sokoni? Haiwezekani! Kila mtu atatwaa kungumanga moja, ataishika, aseme, 'Hii ndiyo rai yangu, nimemkabidhi bwana wangu, sinayo nyingine.' Kisha aitie kashani. Nami nitalifunga, na ufunguo utakaa kiunoni pangu. Asiyetaka, mlango ule pale."

Wote wakautazama mlango. Nje mawingu yalikuwa meusi. Basi wakajipanga. Bi Kirembwe alipoitia yake akanong'ona, "Bora angechukua na maumivu ya kiuno." Mize zamu yake ilipofika, kungumanga ikamponyoka ikabingirika hadi chini ya sufuria, akaifuata kwa magoti, mtoto mgongoni akidhani ni mchezo akaangua kicheko.

"Bwana," akasema akiwa bado yuko chini, "naomba kuuliza, usinikasirikie, ninayoikabidhi ni ile rai ya kiti peke yake au ni zote, maana mimi ninazo nyingi, nyingine ndogondogo za jikoni, sitaki nije nionekane nimekuficha kitu."

"Zote!" akasema Bwana Mselemu. "Humu ndani hakuna rai ila yangu!"

"Na kesho ikiota nyingine?"

"Uilete!"

"Nikiitumia kabla sijaileta?"

"Ni wizi! Na mwizi kwangu hakai hata kutwa moja!"

"Nimesikia, Bwana," akasema Mize, akaitia kungumanga yake kashani, na kasha likafungwa, kwaa!

Asubuhi ya pili, Bwana Mselemu alikuwa ghorofani na wageni wake, wakubwa wa Watu wa Bahari, wanakunywa kahawa na kusifu upepo. Mara Mize akatokea mlangoni, anahema, mwiko mkononi unadondosha samli kwenye zulia.

"Bwana, samahani, moto wa sufuria ya tatu nimeuona mkubwa. Ila hiyo ni rai, nimeileta."

"Punguza kuni, mwanamke!"

"Kwa hiyo ni rai yetu kwamba mkubwa?"

"Ndiyo!"

Akashuka. Kabla wageni hawajachukua kikombe cha pili, huyo amerudi. "Bwana, nilipopunguza nikaona mdogo. Nimeileta na hiyo." Akashuka. Akapanda. "Bwana, iliki nimeiona chache." Akashuka. Akapanda. "Bwana, mtoto nimemwona kama ana njaa, lakini sina uhakika tunalionaje jambo hilo."

Mgeni mmoja akapaliwa na kahawa. Bwana Mselemu akainuka, "Mize! Kwani huna akili?"

"Akili ninayo, Bwana, akili hukuiomba. Kisichokuwapo ni rai."

Sasa wale wenzake thelathini na tisa walikuwa wakisikiliza chini ya ngazi, na Bi Kirembwe akasema, "Haa! Kumbe hivi ndivyo tulivyoapa. Sisi tumeiba rai toka asubuhi hatujijui." Basi ikawa siku ile ngazi za Bwana Mselemu hazikupoa. Mmoja alipanda kuuliza kama kuni hizi ni mbichi. Mmoja alipanda kuuliza kama paka yule ni yule wa jana. Mzee wa kubeba sukari alipanda mpaka juu, akakaa, akapumzika, akasema, "Bwana, tumechoka?" Bwana Mselemu akasema, "Hatujachoka!" Mzee akasema, "Alhamdulillahi, mimi nilitaka kukosea," akashuka kwa matako, ngazi baada ya ngazi.

Jioni tajiri alipiga marufuku. "Kuanzia sasa hakuna wa kupanda ngazi hizi kuniletea rai! Atakayepanda, nimemfukuza!" Mize akaingia kichumbani kwake akamkumbatia Sikudhani, maana sasa akitumia rai ni mwizi, na akiileta amefukuzwa, na hakuona njia ya tatu ila kusonga na kunyamaza.

Ikafika Alhamisi. Bwana Mselemu akaamuru ipikwe halua ya kupelekewa Sultani, katika sufuria ya tatu, kwa kuwa Mize, pamoja na ujinga wake wote, ndiye aliyejua kuliko wote kuisikiliza halua inavyochemka na kusema, "Sasa, ipueni." Mize akasonga. Saa nne halua ikaanza kuachia sufuria. Saa tano ikang'aa. Ikatoa ule mlio wake wa kuiva, bwata, bwata. Bi Kirembwe akamtazama, akasema taratibu, "Mwanangu, husemi?"

"Niseme nini, Bi Kirembwe, kuiva ni rai, na ngazi zimefungwa."

"Itaharibika."

"Hiyo nayo ni rai, mama, utafukuzwa, usiseme kwa sauti."

Basi akasonga. Ikapita adhuhuri, akasonga. Ilipofika alasiri mwiko ukasimama peke yake katikati ya sufuria kama mlingoti, wanaume watatu wakauvuta, ukatoka na halua yote kwa pamoja, na sufuria nayo ikanyanyuka kidogo. Bwana Mselemu akashuka, akaitazama. Yeye alizaliwa kwenye halua lakini hakuwahi kuisonga hata siku moja, rangi ndiyo aliyoijua. "Inang'aa!" akasema. "Haijapata kutokea halua kama hii!"

"Haijapata, Bwana," wote arubaini wakaitikia, na hilo halikuwa rai.

Kisha akawafundisha maneno ya kesho. "Karani wa Sultani atamwita kila mtu, nanyi mtasema, 'Rai yangu ni Bahari.' Basi. Watoto wa kasuku wangeweza."

Mize akainua mkono. "Bwana, nisamehe, nitasemaje rai yangu na mimi sinayo? Anayesema uongo mbele ya Maulana hupandishwa punda kinyumenyume, uso kwenye mkia, akazungushwa mji mzima watu wakimpigia masinia, na mimi nina mtoto, atawekwa upande gani wa punda?"

Bwana Mselemu akamsogelea mpaka kilemba chake kikamgusa Mize kidevu. "Utasema Bahari," akasema polepole, "la sivyo usirudi jikoni kwangu, wala kichumbani kwangu, na mvua hiyo unaiona. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bwana. Lakini nikiulizwa kitu kingine kisichokuwa hicho?"

"Kitu gani kingine? Useme kweli, utoke!"

"Kweli tupu?"

"Kweli tupu, ondoka machoni pangu!"

Mize akaondoka. Bi Kirembwe akamfuata, akamwambia, "Mimi nitasema Bahari, mwanangu, sina hofu. Punda wa mji huu wamekonda, hawawezi kunibeba." Mize hakucheka. Alikuwa akimfunga mtoto mgongoni, anarudia midomoni, kweli tupu, kweli tupu. Wako wanaosema alitabasamu hapo, na wako wanaosema ulikuwa moshi.

Ijumaa hiyo, baada ya sala, baraza la Sultani lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya simba wa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa katikati, juu ya magogo, na wachukuzi sitini wamekizunguka wanajisugua viganja kwa mchanga. Kinyozi alikuwako na yule mteja wake wa nusu kichwa, mmoja kona hii mmoja kona ile. Karani akakaa na wino wake, kila aliyekuja na rai akaisema, karani akatia alama. Walipokwisha watu wote isipokuwa wa Bwana Mselemu, karani akasoma: Soko mia moja thelathini na moja, Bahari mia moja na kumi.

Basi Bwana Mselemu akajitokeza katikati, amevaa joho, nyuma yake watu arubaini, na mbele yake sinia la halua linalobebwa na wanaume wanne, uzito ulikuwa ule. Akainama. "Maulana, mimi ni Bahari, na hawa arubaini ni wangu, ni Bahari. Karani aandike arubaini na moja, asichoshe wino kwa kuwauliza mmoja mmoja. Wakati anaandika, Maulana na alainishe kinywa kwa halua ya mtumwa wake."

Sultani alipenda halua. Akamega kwa kisu, kisu kikapinda. Akamega kwa mkono, akapata kipande kama yai, akakitia kinywani chote, akakikaza meno.

"Mmmm!" akasema Sultani.

"Maulana ameisifu!" akapiga kelele Bwana Mselemu, na Watu wa Bahari wakapiga makofi.

"Mmmmm! Mmm! Mm!" akasema Sultani, ametoa macho.

"Anaisifu mno!" Makofi tena.

Waziri ndiye aliyeona kwamba uso wa Sultani unageuka rangi ya zambarau. Kumbe meno ya juu na meno ya chini yamegandana, hayaachani! Ikaletwa kahawa ya moto, ikamiminwa pembeni mwa mdomo. Waziri akashika taya ya juu, kadhi akashika taya ya chini, na mkuu wa wachukuzi akahesabu kama anavyohesabu mizigo, "Moja, mbili, haya!" Pwaa! Halua ikaruka ikamganda kinyozi kwenye ndevu, na Sultani akavuta pumzi.

"Nani," akasema alipopata ulimi, "nani aliyeona kwamba halua hii imeiva?"

Bwana Mselemu hakungoja. Akamshika Mize bega akamsukuma mbele. "Huyu, Maulana! Sufuria yake ni hii!"

Mize akaanguka kifudifudi, Sikudhani mgongoni akaona zulia zuri akapiga vigelegele vyake vya kitoto. Mbele yake Mize aliona ncha za viatu vya Sultani, na masikioni akasikia, usirudi kichumbani kwangu, na akasikia punda mahali fulani nje analia, ikawa hofu mbili zimekutana koo moja, na alipofumbua mdomo kila kitu kikatoka kwa pamoja.

"Maulana, sikuiona mimi, ningewezaje kuiona imeiva na kuiva ni rai, na rai mimi sinayo, rai yangu iko kashani kwa Bwana wangu toka wiki jana, yangu na ya hawa wote, kila mtu kungumanga yake, ufunguo uko kiunoni pake, mtazame, ule pale, na tuliapa hatunayo nyingine na ikiota tumpelekee, nami nimempelekea, za moto na za iliki na ya mtoto, akafunga ngazi, basi halua iliposema bwata bwata sikuwa na cha kuionea, nikasonga mpaka alasiri, akashuka yeye mwenyewe akaiona kwa rai yake akasema haijapata kutokea halua kama hii, na kweli Maulana haijapata, nisamehe, usimpandishe mtoto juu ya punda, nimeambiwa nikiulizwa kitu kingine niseme kweli tupu, nami umeniuliza kitu kingine."

 Sultani akamtazama Bwana Mselemu, akamtazama karani ambaye kalamu yake ilikuwa hewani.

"Inuka, mwanamke. Wewe hapa umekuja na rai?"

"Sikuja nayo, Maulana. Imefungiwa."

"Na wewe, kizee?"

"Mimi nimekuja na kiuno tu, Maulana," akasema Bi Kirembwe.

Sultani akawauliza wote, mmoja mmoja, na kila mmoja akatazama kasha moyoni mwake akasema, "Iko kwa Bwana." Basi Sultani akauliza, "Mselemu, jikoni kwako mna watu wangapi?"

"Arubaini na mmoja pamoja nami, Maulana."

"Na rai ngapi?"

Bwana Mselemu akapapasa ufunguo kiunoni. Mize, ambaye alikuwa hajaulizwa, akasaidia kwa sauti ndogo, "Alituambia mwenyewe, Maulana. Humu ndani hakuna rai ila yangu. Ni moja."

"Mbiu yangu ilisema kila mwenye rai na aje nayo," akasema Sultani. "Haikusema kila mwenye miguu. Karani, andika Bahari moja."

Karani akaandika moja. Watu wa Soko wakaanza kucheka, kicheko kikapanda nguzo za baraza, na Watu wa Bahari wakaanza kumvuta Bwana Mselemu joho, "Fanya kitu, bwana wee! Arubaini zetu!" Jasho likamtoka. Akapiga magoti. "Maulana, kama nitawarudishia?"

"Ukiwarudishia zitakuwa zao, nao watazileta wapendako. Ukizishika ni yako, nayo ni moja. Chagua."

Bwana Mselemu akahesabu kwa vidole. Akajiambia, hawa ni watu wangu, wananiogopa, watakwenda nitakako. Akaagiza kasha. Likaletwa, likafunguliwa mbele ya watu, na kwa amri ya Sultani ikambidi ampe kila mtu kungumanga yake mkononi na kusema, "Hii rai yako, ni yako, sidai chochote juu yake." Mara arubaini! Alipofika ishirini sauti ikakauka, alipofika thelathini akawa anasema kwa pua. Mzee wa sukari akaigeuza yake, akaipuliza, akalalamika, "Maulana, yangu imetobolewa na dumuzi! Niliikabidhi nzima!" Ikabidi abadilishiwe.

Kisha Sultani akasema, "Sasa yeyote kati yenu atakayefukuzwa kazi au kutolewa alikolala kwa ajili ya upande aliosimama leo, Mselemu mwenyewe atapanda punda, kinyumenyume. Haya, nendeni."

Wakasimama kidogo, kila mtu anaitazama kungumanga yake kama hajawahi kuiona. Halafu wakaenda. Kumi na moja wakaenda upande wa Bahari, Bi Kirembwe akiwa wa kwanza, na alipotazamwa akasema, "Nini? Napenda upepo! Mlidhani nani kanituma?" Ishirini na wanane wakaenda Soko. Akabaki mmoja katikati.

"Na wewe?" akauliza Sultani.

Mize akaishika kungumanga kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza maneno yake hayakumwagika, yalikuja moja moja. "Maulana, mimi nataka kielekee soko. Si kwa kuwa sipendi upepo. Pale sokoni pana kisima chako, kimezungushiwa ua, na nyuma ya ua pana wanawake na mitungi mitupu, toka alfajiri. Nimeona kwamba ukikaa ukatazama huko, utakiona kila siku, hata kama hutaki."

Sultani akageuka. Hakuwa amegeuka upande ule miaka mingi, shingo ikalia, ka! Akaona ua wa makuti. Akaona mtu mwenye fimbo. Akaona mitungi imepangwa mpaka kona ya msikiti. Akakaa akitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kipande cha halua kilichobaki kwenye jino kikadondoka.

"Wachukuzi!" akasema. "Soko!"

Wachukuzi sitini wakakiinua, wakawaita mama zao, wakakitua, na mpaka leo hakijageuka. Ua wa makuti ukang'olewa kabla ya magharibi, na makuti yenyewe Sultani akaamuru yatumike kuezeka upya kichumba cha Mize, maana kilikuwa kinavuja. Kinyozi alimaliza kile kichwa bure, kwa kuwa mteja alikubali kumbandua halua ndevuni.

Bwana Mselemu hakufukuza mtu, maana alikuwa akimwona punda kila akifumba macho. Akarudi kupika halua, na kwa kuwa mji mzima ulijua habari ya meno ya Sultani, hapakuwa na mtu wa kununua mpaka asikie kwamba aliyeona imeiva ni Mize. Basi ikawa kila siku, tajiri yule mfupi hushuka ngazi zake mwenyewe, husimama kando ya sufuria ya tatu, mikono nyuma, huuliza kwa adabu, "Mize, unaonaje, imeiva?"

Naye Mize, Sikudhani mgongoni, hupapasa kwanza fundo kwenye pindo la kanga yake, palipo na kungumanga, akahakikisha iko. Husikiliza sufuria. Hachelewi, wala hana haraka.

"Bado," husema.

Naye Bwana Mselemu hungoja.